Pikipiki ikirudi mbovu kutoka kwa fundi, usikimbilie kuifungua tena

MSIMU wa mavuno haumsubiri mtu. Nyanya zilizoiva leo zinatakiwa ziwe sokoni leo au kesho, na maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yanatakiwa yafike kituo cha kukusanyia kabla jua halijawa kali. Katika vijiji vingi nchini kazi hiyo sasa inafanywa na pikipiki. Ndiyo inayoteremsha matenga ya nyanya hadi barabara kuu pale Ilula, mkoani Iringa, ndiyo inayobeba madumu ya maziwa huko Rungwe na Njombe, na ndiyo inayomfikisha mchuuzi wa mitumba au dagaa kwenye gulio.

Kwa sababu hiyo, injini ya pikipiki inapokufa, kinachosimama si chombo peke yake bali biashara nzima. Kibaya zaidi ni pale mmiliki anapokuwa amekwishaipeleka kwa fundi, amelipa na kurudishiwa, halafu baada ya siku chache inatoa moshi kuliko mwanzo, inagonga, inakosa nguvu mlimani, au inagoma kabisa kuwaka.

Hapo ndipo wengi hupoteza fedha nyingi kuliko zile za matengenezo ya kwanza. Kwa hasira, au kwa haraka ya kuwahi soko, injini inafunguliwa tena siku hiyo hiyo, na fundi yule yule au mwingine wa jirani, kabla mtu hajajua kosa liko wapi. Makala haya yanaeleza kwa nini ufunguzi huo wa pili ni wa hatari, namna ya kulipima tatizo kutoka nje, na namna ya kudai haki bila kuharibu ushahidi.

Hesabu ambayo wengi hawaipigi

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa nyanya ambaye pikipiki yake inamwachia faida ya Sh12,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta. Bei zinazotajwa hapa ni za mfano tu. Kila msomaji aweke zake.

Injini inaanza kula oili. Fundi wa kwanza anataka Sh30,000 za ufundi na spea za Sh75,000, jumla Sh105,000. Fundi wa pili anataka Sh200,000, yaani seti halisi ya pistoni na ringi, kuchonga bloku kwa mashine, na ufundi. Mchuuzi anaona ameokoa Sh95,000 kwa kwenda kwa wa kwanza.

Pikipiki inakaa gereji siku 4. Siku hizo ni Sh48,000 za faida iliyopotea, hivyo gharama ya kweli ni Sh153,000. Baada ya wiki mbili moshi unarudi. Injini inafunguliwa tena, zinanunuliwa spea nyingine za Sh60,000, ufundi Sh30,000, na siku 6 zinapita bila kazi, ambazo ni Sh72,000. Ufunguzi wa pili umekula Sh162,000, na jumla imefika Sh315,000.

Kama angeanza kwa fundi wa Sh200,000 na kupoteza siku 3 za kazi, yaani Sh36,000, angekuwa ametumia Sh236,000. Ile ‘nafuu’ imemgharimu Sh79,000 zaidi, na hapo hatujahesabu matenga yaliyooza shambani, wala wateja waliohamia kwa mchuuzi mwingine, wala rejesho la mkopo wa VICOBA lililochelewa.

Kwa kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwenye chombo anataka hesabu yake hata kama chombo kiko gereji.

Somo la kwanza ni kwamba siku za kusimama nazo ni gharama kama spea. Katika mfano huu, ufunguzi wa pili peke yake umekuwa ghali kuliko matengenezo ya kwanza. Ndiyo maana haufai kufanywa kwa kubahatisha.

Makosa ya kawaida ya mafundi

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi vijijini zina injini ya silinda moja, ya mipigo minne, ya ukubwa wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, inayopozwa kwa upepo. Ni injini rahisi, lakini haisamehi uzembe. Makosa yanayojirudia ni haya yafuatayo.

La kwanza ni la ringi. Ringi nyingi zina alama ya maandishi upande mmoja, na upande huo unatakiwa utazame juu. Aidha, nafasi za kukutania ncha za ringi hazitakiwi kupangwa mstari mmoja. Zinapangwa kuachana kuizunguka pistoni. Zikipangwa vibaya, oili inapanda na kuungua, na moshi wa bluu unatoka.

La pili ni la bloku. Bloku iliyolika inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua, kwa mfano 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 za milimita juu ya kipimo cha asili. Baadhi ya mafundi hubadilisha ringi peke yake na kuacha bloku iliyochubuka, au huipitisha msasa kwa mkono. Ringi mpya ndani ya bloku iliyolika haziwezi kuziba. Bloku ikichongwa ikabana mno, pistoni inavimba kwa joto na injini inakwama.

La tatu ni la vibanio vidogo vinavyozuia pini ya pistoni isitoke. Fundi akirudishia vya zamani vilivyolegea, au akisahau kimoja, pini inatembea na kulichana bloku jipya.

La nne ni la taimingi. Katika injini zenye cheni ya taimingi, kama zile za Boxer na TVS, cheni ikiwekwa jino moja mbele au nyuma, pikipiki inawaka kwa shida, inakosa nguvu na kupiga mlio kwenye bomba la moshi. Ikipishana zaidi, vavu inaweza kugongana na pistoni. Zipo injini nyingine, hasa zile za Kichina zilizojengwa kwa mfano wa Honda CG125, ambazo hazina cheni hiyo bali zina vijiti vya kusukuma vavu. Fundi aliyezoea aina moja anaweza kuikosea nyingine.

La tano ni la boliti za silinda hedi. Zinatakiwa kukazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, hadi zote zilingane. Zikikazwa upande mmoja kwanza, hedi inapinda na gasketi inavuja. Zikikazwa kwa nguvu za mkono bila kipimo, meno yake yanakatika ndani ya aluminiamu, na hapo gharama inapanda.

La sita ni la gundi ya silikoni. Fundi asiye na gasketi hupaka silikoni nyingi. Inayobaki ndani inamomonyoka na kuziba njia za oili. Sehemu za juu za injini zinakosa ulainisho na kuungua, wakati kijiti cha kupimia kinaonyesha oili ipo.

Pima kabla ya kufungua

Habari njema ni kwamba mengi katika makosa hayo yanaweza kutambuliwa, au kuondolewa kwenye orodha, bila kufungua injini. Vipimo hivi havihitaji zaidi ya saa moja, na vinafaa vifanywe kwa mpangilio huu.

Anza na oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare na upime kama kitabu chake kinavyoelekeza. Oili ikizidi, injini inaweza kutoa moshi hata kama ringi ni nzima. Ikinuka petroli, huenda kabureta inafurika. Hakikisha pia fundi hakuweka oili ya gari. Klachi ya pikipiki nyingi hizi inaogelea katika oili ya injini, na oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Injini inalia bila kwenda, na mwenye chombo anadhani pistoni imekwisha. Oili ya pikipiki za aina hii huwa na alama ya JASO MA kwenye kopo.

Pili, toa plagi uitazame. Rangi ya kahawia au kijivu ni ya afya. Masizi makavu meusi ni dalili ya petroli kuzidi au chujio la hewa kuziba. Weusi wenye utelezi wa mafuta ni oili inayopanda. Weupe mkavu unaonyesha injini inapata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu inavuta hewa mahali pasipotakiwa.

Tatu, kagua vilivyofunguliwa nje. Fundi akitoa hedi hulazimika kutoa kabureta na bomba la moshi. Angalia kama maungio yake yamekazwa. Injini inayopandisha mlio yenyewe bila kuvutwa mafuta huwa inavuta hewa kati ya kabureta na hedi. Pakaza maji ya sabuni kwenye ungio hilo injini ikinguruma taratibu. Mlio ukibadilika, umepata tatizo. Maji hayo hayo yakipakwa pale hedi inapokutana na bloku, wakati injini haijapata moto, yakitoa mapovu ujue gasketi inavuja.

Nne, pima mgandamizo. Toa kofia ya plagi na plagi yenyewe, ziba tundu kwa kidole gumba na mwenzako apige kiki. Upepo unatakiwa ukisukume kidole kwa nguvu. Ukiwa dhaifu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu hilo, piga kiki mara chache oili isambae, kisha upime tena. Nguvu ikiongezeka wazi, ringi au bloku ndiyo yenye kasoro, kwa kuwa oili imeziba pengo kwa muda. Isipoongezeka, shaka inahamia kwenye vavu, taimingi au gasketi ya hedi. Petroli huweza kurushwa kupitia tundu la plagi, hivyo jiko na sigara vikae mbali.

Tano, mwambie fundi apime nafasi ya vavu injini ikiwa imepoa kabisa. Nafasi hiyo ni ndogo sana. Kwa Honda CG125, kwa mfano, ni milimita 0.08. Inapimwa kwa vibati maalumu vya kupimia. Vavu zikibana, pikipiki huwaka vizuri asubuhi lakini ikipata moto inazima na kugoma hadi ipoe. Wapo waliobadilishiwa pistoni kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kulegeza nati moja kwenye vavu.

Sita, fungua kifuniko kidogo cha vavu juu ya hedi na uache injini ingurume taratibu kwa muda mfupi. Oili inatakiwa ionekane ikifika huko. Isipofika, zima mara moja na usiiendeshe hata kwenda gereji. Isukume au ipakie kwenye gari. Fanya hivyo hivyo kama kuna mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, kwa sababu huenda ni beringi ya konrodi, na kila kilomita moja ya ziada inaongeza uharibifu.

Andika matokeo ya vipimo hivyo kwenye karatasi. Injini ifunguliwe tu pale vipimo vinapoonyesha kwamba kasoro iko ndani.

Nani aifungue?

Wenye pikipiki wengi huhamia kwa fundi mpya papo hapo. Kibinadamu inaeleweka, lakini kibiashara ina kasoro kubwa. Fundi wa pili akishaifungua injini, ushahidi dhidi ya wa kwanza umetoweka. Wa kwanza atasema, “Mimi niliiacha nzima, huyo ndiye aliyeiharibu,” na hakuna atakayeweza kumpinga.

Njia nzuri ni kumrudia fundi wa kwanza ukiwa na matokeo ya vipimo, na ukiwa na shahidi anayefahamu injini. Mweleze kwa heshima dalili unazoziona na umpe nafasi ya kurekebisha kwa gharama yake ya ufundi. Wengi hukubali, kwa sababu jina la fundi ndilo mtaji wake. Injini ifunguliwe mbele yako, na kila sehemu inayotolewa ipigwe picha kwa simu kabla haijasafishwa.

Kama hana vifaa, au kosa lake ni la kukosa ujuzi kabisa, mhamie mwingine. Hata hivyo, mwalike wa kwanza awepo wakati wa kufungua. Asipokuja, shahidi wako na picha vitatosha kuonyesha hali ilivyokutwa.

Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kisheria, lakini kuyathibitisha ni kazi. Risiti, hata ile ya daftari, na spea za zamani ulizorudishiwa ndizo zinazokupa nguvu. Mzozo ukishindikana kumalizwa kwenye gereji, ofisi ya serikali ya kijiji au mtaa inaweza kuwasuluhisha, na madai madogo ya fedha hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa upande wa spea bandia, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina vifungu vya kumlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopokea malalamiko ya bidhaa bandia. Pasipo risiti ya duka, malalamiko hayo hayafiki mbali.

Kabla ya kulalamika ni vema kukumbuka kwamba si kila kasoro ni ya fundi. Injini iliyowekwa pistoni na ringi mpya inahitaji kulainishwa. Kwa takriban kilomita 500 za mwanzo isivutwe mafuta zaidi ya nusu, isibebeshwe matenga wala abiria wawili, na oili yake ibadilishwe mwisho wa kipindi hicho. Mchuuzi anayetoka gereji na kupakia gunia la viazi siku hiyo hiyo anaua kazi ya fundi hodari. Kipindi hicho kihesabiwe mapema kama sehemu ya gharama, na ikiwezekana matengenezo makubwa yafanywe kabla ya msimu, si katikati yake.

Mambo matano ya kukubaliana na fundi

Kinga ya yote haya ni mazungumzo ya dakika kumi kabla spana ya kwanza haijagusa injini. Mkubaliane yafuatayo, na yaandikwe:

1. Tatizo lililoonekana na kipimo kilicholionyesha, si “injini imechoka” tu.

2. Spea zitakazonunuliwa, aina yake na nani atanunua. Ukiweza, nenda dukani na ile ya zamani mkononi ili kulinganisha.

3. Gharama ya ufundi na siku ya kukabidhi. Lipa sehemu mwanzoni na nyingine baada ya kuijaribu pikipiki ikiwa imepata moto, hasa mlimani.

4. Spea zote za zamani zirudishwe kwako.

5. Muda ambao fundi atarekebisha bure kama tatizo lile lile litarudi.

Fundi anayekataa masharti hayo yote amekwishakujibu kuhusu kazi yake. Uliza pia alikojifunza. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, hutoa mafunzo ya ufundi na pia huwatambua mafundi waliojifunzia kazini baada ya kuwapima. Cheti si dhamana ya kila kitu, ila fundi aliyepimwa ana sababu ya kulinda jina lake.

Wakati wa kuacha kutengeneza

Ipo pia hatua ambayo matengenezo hayalipi tena. Kama bloku imekwishachongwa hadi kipimo cha mwisho, meno ya boliti yamekatika na konrodi inagonga, piga hesabu kabla ya kutoa shilingi nyingine. Jumlisha bei ya spea, ufundi na faida ya siku zitakazopotea. Ligawe jumla hilo kwa faida ya siku moja, na utapata idadi ya siku ambazo pikipiki itafanya kazi kwa ajili ya gereji peke yake.

Kwa mchuuzi wetu wa mfano, matengenezo ya Sh360,000 ni siku 30 za kazi. Kama injini ikitengenezwa vizuri itadumu misimu miwili, siku hizo zinavumilika. Kama fundi mwenyewe anasema itasukuma miezi mitatu tu, theluthi moja ya kazi ya miezi hiyo itakwenda gereji. Hapo ni afadhali kuiuza kama ilivyo, kumweleza mnunuzi ukweli, na fedha hiyo iwe mwanzo wa kununua nyingine.

Vinginevyo, pikipiki iliyorudi mbovu isifunguliwe leo. Leo ipimwe kwanza. Nyanya zilizo tayari zisafirishwe kwa pikipiki ya kukodi, hata kama faida itapungua. Saa moja ya vipimo na nauli ya siku mbili ni gharama ndogo kuliko injini iliyofunguliwa mara tatu na mafundi watatu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.